Chenga

Kabla ya filimbi Mwalimu Mwakalobo alinijia,
akagusa kichwa cha kamera kwa kidole kimoja:
"Hiyo radi yako leo ilale."
Sikubisha. Mwezi uliopita, ukumbi huuhuu,
niliipiga usoni mwa Subilaga akiwa golini,
macho yake yakajaa weupe,
na mpira alioufuatilia tangu mkononi mwa mpigaji
akaupokea kwa pua.
Picha ile ninayo. Safi, kali kama wembe:
damu haijaanza bado.
Sijamwonyesha mtu.

Basi leo flashi imo begini, nimeivisha soksi,
nami nimebaki na taa za chuo:
kumi na mbili darini, saba zinawaka,
moja inapepesa kama jicho lililoingia mchanga.
Julai ya Mbeya imeingia kwa milango yote,
wasichana wanapuliza viganja, mvuke unapanda,
mashabiki wa Uyole wamekuja na mablanketi.

Fundi mmoja wa picha za harusi alinishauri
niielekeze flashi juu, mwanga umwagike toka darini.
Dari ipi? Bati lenye kutu, mbali kule walikolala popo.
Mwanga ukipanda huko umeaga.

Tundu la lenzi nimelifungua mpaka kikomo,
moja nukta nane, hakuna mlango tena wa kufungua.
Shata nimeiweka mia tano:
sekunde moja nimeikata vipande mia tano, nami naomba kimoja.
Chini ya hapo mkono wa mchezaji unageuka ukungu,
juu ya hapo ni giza la ghalani.
Imebaki ISO, na ISO ni mkopo.
Mia nane. Elfu moja na mia sita. Elfu tatu na mia mbili.
Nazungusha tena, elfu sita na mia nne,
na riba yake naijua:
chenga.

Mama yangu anauza mchele Mwanjelwa.
Ukimwona na ungo utadhani anabembeleza mtoto.
Anapeta, anapembua, punje nzima huku,
chenga huku, bei mbili.
Wenye harusi wanataka wa Kyela, usio na chenga hata moja.
Chenga wananunua wenye watoto wengi,
na hao ndio anaowajazia kopo mpaka limwagike.
Sijawahi kumuuliza.

Filimbi.
Mimi sifuati mpira. Mpira ni mwongo.
Nafuata nyonga ya Atuganile, namba tisa wa Tukuyu,
kwa kuwa bega hudanganya, macho hudanganya,
nyonga ndiyo ijuayo safari.
Anakuja. Bega linasema kushoto,
mlinzi anasadiki kwa mwili mzima,
na nyonga, kidogo tu,
kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu jikoni,
inageuka.
"Chenga!" ukumbi unalipuka,
yeye yuko hewani, kidole changu kimebonyeza mara sita.

Nimezitazama chini ya ngazi, mikono ikitetemeka kwa baridi.
Ya kwanza ya njano, ya pili kijani,
ile taa mbovu imepaka kila moja rangi yake.
Ya nne imekata kichwa.
Ya tano: kiatu hakijagusa chini, jasho limesimama hewani,
na nyuma ya mpira, macho ya Subilaga,
wazi, mawili, yanautazama mpaka mwisho.
(Uliingia. Lakini aliuona.)
Na chenga kila mahali, mashavuni, ukutani,
kama mtu aliyemwaga debe.

Ipo programu ya kupembua. Usiku nilijaribu.
Ikafuta chenga, ikafuta na jasho,
ikafuta kovu dogo la puani,
Subilaga akawa sanamu ya dukani.
Nikarudisha kama ilivyokuwa.

Kesho yake nikampelekea.
"Mbona ina chenga?"
Nikaanza kueleza, mia tano, elfu sita, mkopo,
hakunisikiliza. Aliisogeza karibu, akaiweka mbali.
"Hapa nilikuwa naona," akasema,
akanirudishia kamera,
akaenda kutafuta koti lake.