Mada ya Baridi, Gredi ya Kwanza

Boksi lilifika Mei, limefungwa utepe wa buluu.
Ndani mna chati kumi na mbili za majira ya baridi:
mtu wa theluji mwenye pua ya karoti,
ndege weusi kwa weupe, wima kama wahudumu wa hoteli,
na glavu za karatasi za kupaka rangi.
Juu ya kila chati, mwezi: Disemba.

Disemba hapa Kawangware
lami hulainika, na shule imefungwa.
Nikachukua kalamu nyekundu,
ile ninayosahihishia herufi zilizogeuka nyuma mbele,
nikakata Disemba, nikaandika Julai.

Julai ndiyo hii.
Mawingu yameshuka hadi kwenye nyaya za stima,
manyunyu hayanyeshi wala hayakomi,
mabati yanatoka jasho kwa ndani.
Watoto arobaini na sita wanapuliza pumzi
wakisema wao ni birika.
Lemayian ni birika la chai ya maziwa,
asichanganywe na la chai ya rangi.

Theluji ni nini? nauliza.
Kerubo: unga uliomwagika.
Muthengi: povu, mama akifua Jumamosi.
Hodhan, aliyehamia kwetu muhula huu, polepole:
ni mvua iliyochoka kupiga kelele.
Hilo nililiandika ubaoni, nikaliacha hadi Ijumaa.

Na huyu mtu, akauliza Shisia,
amefungwa skafu vizuri hivyo,
mbona hakupewa viatu?
Nikafungua mwongozo wa mwalimu, ukurasa wa nne:
*Waache wanafunzi wabuni.*

Kesho yake Muthengi alikuja mbio
na kopo la siagi kifuani, chini ya sweta.
Amekwangua friji ya bucha ya mjomba wake.
Theluji, mwalimu. Theluji kabisa.
Tukamzunguka. Akafungua.
Maji, na kipande kidogo kama jino la utotoni
kikaisha tukikitazama.
Alikuwa ameikumbatia njia nzima
isije ikashikwa na baridi.

Hakulia. Mdomo tu ulipinda.
Tukapima maji kwa kijiko: vinane.
Tukaandika 8, mzunguko juu, mzunguko chini.
Nikakataza mtu kulamba.
Nilichelewa.

Somo la tano halikuwamo bokisini.
Nilichora nyumba ya dirisha moja.
Nilichora jiko la makaa, nikalichora mlangoni, kwa nje.
Nikasema: baridi iume itakavyouma,
jiko linalala nje.
Semeni.
Jiko linalala nje.
Tena.
Sikuwaambia dawati lile la karibu na mlango
dada yake nani alilikalia mwaka jana.
Kerubo anajua, walipakana ukuta.
Sauti yake ilipita za wote,
na wenzake walipokoma yeye aliendelea.

Mchana tulipaka glavu rangi, kila mtu jozi yake.
Shisia hakutaka glavu.
Aliomba mkasi, akainama sana,
akabandika viatu viwili chini ya mtu wa theluji:
vyeusi, vya shule, vyenye kamba,
vyote vya mguu wa kushoto.

Yuko ukutani bado.
Unyevu huachanisha gundi usiku,
na kila asubuhi, kabla sijaita majina,
kuna mtoto anayepita pale
akavibonyeza virudi.