Ushuru wa Mchangani

Saa nne asubuhi. Januari, Coromandel,
na mchanga wote umeshakaliwa.
Hinewai anavuta kayaki juu ya kigari,
gurudumu moja likilia njia nzima.
Samahani. Samahani, mama. Samahani, mguu wako.
Taulo, miavuli, redio, mzee aliyelala kifudifudi,
mgongo mwekundu kama kamba wa kuchemsha.
Fimbo za kuvulia zimesimama wima nyuma ya kiti
na kila mtu anazitazama ndoano.

Mbele, ngome: minara ya ndoo, handaki,
bendera ya kijiti cha aiskrimu.
Mtoto kasimama mlangoni, pua imepakwa dawa nyeupe.
"Hapa pana ushuru. Samaki mmoja."
"Nikirudi."
Mtoto anaitazama kayaki, anamtazama yeye,
kisha anauhamisha ukuta kwa koleo.

Bahari nayo haijui samahani.
Wimbi la kwanza lampindua mbele ya watu mia mbili;
chambo kinaelea, kofia inakwenda zake,
kicheko kinasafiri taulo hadi taulo.
Ndipo yule wa mgongo mwekundu anapoinuka,
anaingia maji ya kiuno, anashika tezi.
"Bado," anasema. "Bado. Hili nalo liache lipite.
Sasa!"

Kafi, kafi, kafi,
omo inapanda, inaning'inia,
inashukia upande wa pili.
Kimya.

Akigeuka, pwani yote inaenea
ukuchani mwa kidole gumba,
na humo, mahali fulani,
yuko anayemdai.