Kopo Namba Nne

Swali lilianzia ndooni.
Mama yake Kulwa alionja maji ya kisima kipya,
akatema: "Chumvi hii hata mchicha hauitaki."
Kulwa akalibeba neno hilo mpaka shuleni, Yombo Vituka.
Mwalimu Mbilinyi akauliza: "Umejuaje?"

Tukaokota makopo sita ya rangi kwa fundi Seif,
tukayatoboa chini kwa msumari mmoja,
matundu matatu matatu; Nasra alihesabu mara mbili.
Udongo wa gunia moja, mbegu za pakiti moja,
dirisha moja, na kikombe kimoja cha chai
kilichovunjika mkono.
"Badilisheni kitu kimoja tu," mwalimu alisema.
"Mkibadilisha viwili, mtamshika nani shati?"

Matatu maji ya bomba. Matatu maji ya kisima.
Kabla ya tone la kwanza kila mtu aandike anachokidhani.
Mimi: itakufa.
Nasra: itadumaa.
Shukuru: sijui.
Tukamcheka.

Siku ya tisa, rula. Siku ya kumi na mbili, rula,
na namba nne imeinamisha shingo
kama mtoto aliyefokewa mbele za watu.
Wenzangu walipokwenda mpirani
nikaimiminia nusu kikombe cha maji ya bomba.
Kesho yake tena.
Kesho kutwa tena.

Siku ya ishirini namba nne
imewazidi wenzake wa kisimani sentimita tatu.
Kulwa akaruka: "Si mnaona! Kisima hakina kosa!"
Shukuru akaliinamia jedwali
kama mtu anayenusa wali ulioshika chini.
"Mbona hii peke yake?"

Nikasema.
Nilingoja fimbo, mwalimu akanipa kalamu.
"Tarehe, saa, nusu kikombe mara ngapi. Usifute kitu."
Mkono ulitetemeka, mistari ikapanda mlima.
Kisha tukamwaga udongo, tukasugua makopo,
tukaenda kununua mbegu upya, shilingi mia tano,
mia tatu zikatoka kwangu.

Mama yake Kulwa anafulia maji yaleyale,
sabuni inaisha, povu halitoki.
Kila jioni anatusimamisha mlangoni:
"Haya, wasomi, mchicha unasemaje?"
"Bado, mama. Tunaupima."

Kwenye ukurasa mpya, chini ya Tunachokidhani,
niliandika: itadumaa.
Nikafikiri kidogo,
nikaongeza kwa herufi ndogo: labda.