Ubao Kabla ya Reli

Mlango wa kabati la mama nimeulaza kifudifudi
juu ya fremu niliyoiunga kwa mbao za kitanda.
Pimamaji inagoma: kona ya dirishani imezama.
Nachomeka kipande cha boksi la chai, nakohoa vumbi,
kipovu cha hewa kinatulia katikati.

Reli bado ziko kwenye boksi la viatu.
Hapa Chumbageni nimejifunza:
ardhi ikipinda, hata injini ya kuchezea huaibika.

Nyuma nimesimamisha hadibodi, futi mbili kwenda juu,
na Shemweta, mtoto wa jirani, ananisaidia kupaka mbingu:
bluu nzito juu, chini inafifia
kama sare iliyofuliwa miaka.
“Milima niiweke wapi?”
Usambara haikai mahali, namwambia.
Ukiwa Muheza iko mbele,
ukifika Mombo imeshakukalia begani.

Tunaigonga kwa sponji, rangi ya moshi.
Mkonge nimeutengeneza kwa nyuzi za mkonge,
sikuona haja ya kudanganya.

Mara naona nukta nyeusi kwenye mteremko.
“Nini hiyo?”
“Mtu. Kachelewa treni.”

Nashika brashi kumfuta,
naiweka chini.
Reli hata sijazipigilia.
Ateremke taratibu.