Kipandio cha Sitini

Vipandio mia na kumi na vinne.
Nilikuwa navipanda chai ikiwa bado moto tumboni,
nikifika juu naiona Mombasa yote kama sinia:
Makupa, Changamwe, mabati ya Majengo yakimeta,
nami nainua makontena kama mtu apangaye vikombe.

Sijui ilikuwa siku gani.
Ilianza na chakula. Zuhura hufungua hotpoti jioni,
wali wa nazi uko vile vile, umeganda, na papa juu yake.
Hakusema kitu. Aliiosha. Kesho akapakua tena.

Kisha usingizi ukawa unanikimbia saa tisa usiku,
nakodolea dari hadi nimsikie mwadhini akikohoa.
Kisha mwanangu akanionyesha jino lake lililong'oka
nikalitazama kama risiti ya mtu mwingine.

Wakasema uchovu. Wakasema jicho la watu.
Nikanyweshwa kombe, nikafukizwa ubani,
nikashukuru, nikatoka jasho tu.
Katana wa zamu ya usiku akaniambia,
"Mwanamume hulemewa, hasemi."
Nami sikusema, hata nilipofika kipandio cha sitini
nikatazama chini
na ile saruji ikanitazama kwa upole.

Upole ule ndio ulionitisha.
Nilishuka nimekikumbatia chuma.

Kliniki ya Tononoka, benchi, feni isiyozunguka.
Bi Nyevu hakuniuliza habari za majini wala mshahara.
"Lini mara ya mwisho ulionja kitu kikawa kitamu?"
Nikafungua kinywa nijibu,
nikalia mpaka kalamu yake ikasimama.
"Ina jina," akasema. "Sonona."

Sonona! Neno la nyanya yangu hilo.
Alilitumia kwa jino bovu, kwa goti siku za mvua.
Kumbe lilikuwa nyumbani miaka yote,
kabatini, kando ya karafuu.

Sitadanganya. Vidonge vilinikausha mdomo,
wiki tatu sikuona tofauti.
Alhamisi huenda kuzungumza; Alhamisi nyingine
nanyamaza saa nzima, na Bi Nyevu hanihimizi.
Kazini wamenipa daftari, nahesabu makontena nikiwa chini.
Ngazi naipita. Juzi niliigusa.

Na jana, mezani, achari ya embe:
nilidhani ni ile ya kila siku, isiyo na ladha.
Ulimi ukawaka, macho yakanitoka.
"Hii kali," nikasema.

Zuhura akaweka upawa chini.
"Sema tena."