Ziada Haifi

Saa moja na nusu usiku, Kisauni, mwezi wa tatu,
bati la paa bado linarudisha jua la mchana
kidogo kidogo, kama mdaiwa mwaminifu.
Shangazi Mwanasiti kakaa kitako mkekani,
sikio kwenye redio, redio kwenye kisanduku changu,
kisanduku nilichokiunda kwa mkopo wa biskuti
(maana mkebe ni wa biskuti, na duka latudai),
kwa transfoma ya amplifaya iliyoungua harusini,
na kijidude cha miguu mitatu
kinachopokea volti ishirini na nne
kikatoa kumi na mbili, bila kubishana.

Msomaji wa matangazo ya vifo akasafisha koo:
"Ametutoka ghafla, huko Mtongwe, Bwana…"
Kimya.
"Bwana nani?" Shangazi akashika kifua.
"Bwana nani, we Shebwana? Hebu igonge!"
Nikagonga. Nikapuliza. Nikagusa kile kijidude,
kidole kikapigwa muhuri, nikakitia mdomoni.
Baada ya robo saa sauti ikarudi yenyewe,
ikatuuzia unga.

Hapakulalwa. Ana binamu watatu Mtongwe
na mtalaka mmoja asiyemtaja.

Nikaketi na penseli nyuma ya bili ya maji.
Ishirini na nne toa kumi na mbili, kumi na mbili.
Zidisha kwa mkondo ambao redio yaunywa:
wati tisa na ushei. Zaenda wapi?
Nilidhani hukatwa tu, kama vipande vya kitambaa
vinavyobaki chini ya cherehani.
Ziada haikatwi. Ziada haifi.
Yule mdogo huimeza yote, huigeuza joto,
na joto nalo lataka pa kwenda,
na hewa ya chumba hiki imeshashiba,
ina jasho lake, haipokei mgeni.
Akizidiwa hapigi ukelele. Hujifungia mlango,
akapoa, akafungua.
Wala si ubovu. Ndiyo akili aliyoumbwa nayo, asife.

Asubuhi nikavuka daraja hadi Mwembe Tayari, kwa Swabra,
afufuaye amplifaya kwa bei ya kugombana.
Akanipa alumini yenye mapezi
iliyong'olewa kwenye kompyuta ya shule,
na tone la malhamu nyeupe.
"Paka nyembamba, si siagi ya mkate.
Kazi yake kuziba mianya. Ukizidisha, ni blanketi.
Na mkebe utoboe juu na chini, hewa ipite.
Umeufunga kama unazika."

Nikatoboa. Nikapaka. Nikakaza skurubu.
Jioni ilidumu dakika arubaini,
ikanyamaza katikati ya kasida.
Sasa mapezi yenyewe yalikuwa yakiunguza.

Ndipo nikaigeukia transfoma,
nikamulika kwa tochi ya simu tumbo lake la nyaya:
waya wa njano, umekunjwa, umefungwa utepe,
hakuna aliyeuhitaji tangu kiwandani.
Nikaupima. Kumi na mbili,
ambazo zikishapita kwenye daiodi na kapasita
ni kumi na sita kasoro kidogo.
Toa kumi na mbili. Sikuhitaji penseli.
Siku mbili nimetafuta bega pana zaidi la kubebea mzigo,
nisiulize nani aliyeupakia.

Leo redio yasema tangu alasiri.
Shangazi kaweka kiganja juu ya mapezi
kama apimaye homa ya mtoto.
"Vuguvugu," asema. "Chai ilosahauliwa."

Saa moja na nusu. Wanarudia tangazo:
wa Mtongwe, Bwana Mwakutsunga Nyale, mstaafu wa bandari.
Shangazi akafumba macho, akawapitia
mabinamu mmoja mmoja, na yule mwingine,
akashusha pumzi.
"Simjui." Kiganja hakukiondoa.
"Maskini. Kaacha watoto?"
Na redio, isiyokatika,
ikamjibu: saba.