Wa Kumi na Sita

Barua ilifika Tukuyu wakati wa masika:
askari hajulikani alipo, huko Burma.
Karani aliisoma mara mbili, akaomba maji.

Mwili haukuwepo. Wakazika shina la mgomba,
wamelifunga mkeka.
Bibi Tusajigwe akanyoa nywele.

Naye yu hai, ng'ambo ya bahari mbili,
anasukuma makaa ya tanuri la Wajapani,
na kila alfajiri, kwenye theluji, wanahesabiwa:
ichi, ni, san, shi.
Babu alikuwa wa kumi na saba.
Wa kumi na sita, Mholanzi mmoja mwenye kikohozi,
siku hiyo hakuitika.
Msimamizi akapiga kelele, mstari ukasogea,
babu akawa wa kumi na sita.

Aliporudi alikuta kaburi lake limezaa:
mkungu mmoja, mzito, umeinamia njia.
Bibi hakulia. Alileta panga.

Hayo nilisimuliwa. Haya niliyaona:
wali hakuugusa, hata wa Kyela, hata wa Krismasi.
King'ora cha kiwanda cha chai kikilia Katumba
alisimama wima, mikono ubavuni,
hata kama ana kijiko mdomoni.

Na akihesabu ndizi za sokoni
midomo ilikwenda kule kule, ichi, ni, san,
mpaka ile ya kumi na sita.
Hiyo aliiweka kando.
"Ya nani, babu?"
"Mwenyewe atapita."